Tanga kwa baiskeli: likizo ya watu wawili wasiokwenda popote

Jumatatu

Basi la Lushoto limeondoka stendi ya Kange asubuhi na watoto wetu ndani, mkubwa ameukumbatia mfuko wa samaki wa kukaanga wa shangazi yake asije mtu akampokonya. Shule zimefungwa. Mimi mwalimu nimefunga nazo, na mume wangu, karani wa bandari, amepewa likizo aliyokuwa akiidai tangu mwaka jana. Tangu tuoane hazijawahi kukutana likizo zetu, nyumba nayo ikawa haina mtoto.

Majirani walikuwa na swali moja: mnakwenda wapi? Unguja? Tabora kwa wakwe? Hatuendi popote. Ada za shule zimeshameza fedha ya safari, na mimi sikopi ili nikalale kitanda cha hoteli. Nikasema tukae hapa hapa, tuutembee mji. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi mtoto wa Ngamiani, bibie. Unataka kunitembeza kwetu?"

"Ndiyo. Mapango ya Amboni uliingia lini mara ya mwisho?"

"Nimeshaenda. Darasa la nne."

"Na Tongoni?"

"Nimeshapita."

Kupita kwenyewe ni ndani ya basi la Pangani, amelala.

Kwa wasiotujua: mimi Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mdigo, na watu wa bara kwetu wana utani na watu wa pwani tangu enzi za misafara. Ndiyo maana ananiita mpagazi wake mbele za wageni na hakuna anayeshtuka. Mimi humjibu kwamba wapagazi walitembea na pembe za ndovu mabegani miezi mitatu, na walipofika walimkuta babu yake amekaa barazani, anauliza kwa nini wamechelewa.

Alasiri tumetoa baiskeli. Mji huu umeumbwa kwa ajili ya baiskeli. Ardhi tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kukatana mraba kwa mraba, na zina namba badala ya majina, hivyo mgeni akiambiwa barabara ya kumi na mbili haulizi mara mbili. Wazee wa kanzu wanaendesha, mama wa maandazi anaendesha na beseni nyuma, mwanafunzi amempakia mwenzake kwenye bomba. Ya mume wangu ni Phoenix aliyoachiwa na baba yake, nzito ajabu, kengele yake inasikika mtaa wa pili. Yangu ni ya mtumba, ina kikapu mbele. Mpira wa nyuma ulikuwa umelala, tukampelekea fundi chini ya mwarobaini, akautumbukiza kwenye beseni la maji, akatuonyesha mapovu, akaziba. Kisha akaigonga ile Phoenix kwa bisibisi, akasikiliza, akasema, "Hii itatuzika sote, mgosi."

Tumezunguka mpaka soko la Mgandini. Ni msimu wa machungwa ya Muheza, yamemwagwa chini mafungu kwa mafungu, ngozi ya kijani, ndani asali. Nilitaka fungu moja. Mume wangu aliongea na muuzaji kuhusu Coastal Union kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, tukaondoka na mafungu matatu kwa bei ya mawili. Coastal walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, na kwa mazungumzo ya wanaume wa huku utadhani kombe lilikuja wiki iliyopita.

Jumanne

Leo mjini, yaani upande wa bahari, ambako ofisi na majumba ya Wajerumani yako. Watu wa Ngamiani husema "nakwenda mjini" hata kama ni mwendo wa dakika kumi.

Nimeanza na maktaba ya mkoa, jengo la miaka ya 1950 lililowekwa kwa kumbukumbu ya mfalme George wa Sita wa Uingereza. Lina ua wa ndani na matao, upepo unapita bila kuombwa. Mume wangu alijisomea humu akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Kizazi kipya kiko pale pale: vijana wanne, kitabu cha fizikia kimefunguliwa, wawili wamelalia mikono.

Kutoka hapo tukaingia Boma la Kale, lililokuwa la utawala wa Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho ya Urithi. Si makumbusho ya kumchosha mtu. Picha za zamani za mji zimejaa, na mtu aliyezaliwa hapa anaweza kusimama mbele ya moja robo saa akitafuta nyumba ya bibi yake. Reli ya Usambara ilianzia hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf alileta mkonge katika nchi hii, miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyowaleta watu wa kwetu Tabora mpaka huku. Hilo nitalirudia kesho, kwa sababu linanihusu.

Mchana tumekaa bustani ya Jamhuri, karibu na mnara wa saa, bandari yote chini yetu, karanga za kukaanga kwenye karatasi. Hapa mume wangu alichukua usukani wa mazungumzo, na ninakiri bandari anaijua. Zamani, anasema, meli kubwa haikuweza kusogea gatini, maji yalikuwa mafupi, kama meta tatu hivi. Ilitia nanga huko nje na mzigo ukapakuliwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, tishari likavutwa mpaka gatini, mzigo ukapakuliwa tena. Kila gunia lilishikwa mara mbili, na makarani walilihesabu mara mbili. Ukichafuka upepo, kazi inasimama, meli inalipiwa kukaa bure. Serikali ikachimba mlango wa bandari na kujenga upya magati, mradi wa shilingi bilioni 429.1, kina kikafika meta 13. Siku hizi meli inakuja yenyewe kukaa ukutani.

"Basi kazi yako imepungua nusu," nikamwambia.

"Imeongezeka. Meli zinazokuja sasa hukuziona."

Alinionyesha iliyokuwa gatini, akaanza kuniambia ina nini ndani, winchi ipi inafanya kazi na nani yuko zamu, mpaka nikamkumbusha yuko likizo. Mbele yetu ndani ya ghuba kilikuwa kisiwa cha Toten, kijani tupu, hakuna moshi wala paa. Wajerumani waliokipa jina hilo walimaanisha wafu. Watu waliishi pale zamani, na magofu ya misikiti na makaburi yao yangalipo msituni. Niliuliza kama tunaweza kuvuka. Kijana wa ngalawa aliangalia bahari, akaangalia baiskeli yangu, akasema kusi limeamka, nirudi msimu wa kaskazi.

Jumatano

Amboni.

Tumeondoka alfajiri kabla malori ya Horohoro hayajaamka, maana barabara ya kwenda mpakani Kenya si ya kugombania na Phoenix. Ni kama kilometa nane kaskazini ya mji, kisha unakunja kuelekea Kiomoni. Kwetu Tabora jina la Amboni lilijulikana kabla sijajua kuwa kuna mapango. Lilikuwa jina la mkonge. Babu mzaa baba alikuja huku enzi za Waingereza akiwa manamba, mtu wa mkataba, akapewa kipande, yaani kadi yenye siku thelathini za kazi, na siku isiyokamilisha idadi ya mabunda haikukatwa kwenye kipande. Mwiba wa mkonge ulimwachia kovu kwenye kiwiko. Alirudi Tabora na blanketi, redio hakupata, ila baiskeli alipata. Kwa hiyo mume wangu anaponiita mgeni wa Tanga huwa namwambia familia yangu ilishafanya kazi hapa, na pengine kwa jasho zaidi kuliko yake.

Mkonge bado upo njiani, safu zilizonyooka mpaka macho yanachoka, na kila mche mmoja mmoja umesimamisha ule mti wake mrefu wa maua kabla ya kufa. Tulishuka kwenye baiskeli nikapiga picha ya kumpelekea baba. Alijibu kwa ujumbe wa sauti saa ile ile: "Usiguse ncha."

Mapangoni tumepewa muongozaji, kijana mwembamba mwenye tochi mbili na sauti ya mwalimu mkuu. Chokaa hii, akatuambia, ni ya kipindi cha Jura, zamani palikuwa chini ya bahari, na maji ndiyo yaliyochonga vyumba hivi. Mapango yako kama kumi, watalii huingizwa moja. Ukishapita mlango, joto la nje linakatika. Dari ya chumba cha kwanza iko juu sana, halafu njia inashuka na kubana mpaka unainama, kisha unachuchumaa, kisha mwenye tumbo anaanza kujuta. Mume wangu ni mwenye tumbo. Katika ule upenyo mwembamba alisimama akasema, "Darasa la nne hapakuwa hivi."

"Pango halijabadilika, kaka," muongozaji akamjibu bila kugeuka.

Popo wamejaa, unawasikia kabla hujawaona. Mawe yameshuka kutoka juu na mengine yameota kutoka chini, na kila moja limeshapewa sura: mguu wa tembo, mamba, kochi, meli. Mimi nusu niliziona na nusu niliitikia kwa adabu. Kilichonishika ni chumba cha mzimu. Watu bado wanakuja kuomba: kuna chupa za marashi, vitambaa, sarafu, na mahali ambapo udi umeungua siku si nyingi. Muongozaji alishusha sauti pale, na mume wangu, ambaye kila siku husema mambo hayo ni ya kale, alivua kofia.

Hadithi za pango hazina mwisho na kila mtu wa Tanga ana yake. Kwamba kuna njia inatokea Mombasa. Kwamba mbwa aliingia hapa akaonekana Kilimanjaro, amechoka. Mimi napenda ile ya Otango na Paulo Hamisi kwa kuwa ni watu wa kweli. Walijificha humu miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni, na wazee wanasimulia kwamba walichowaibia matajiri waliwagawia maskini. Muongozaji alituonyesha walipokuwa wakilala. Nilikaa pale kidogo, akazima tochi kwa makusudi, na giza lile sina la kulifananisha nalo. Mume wangu akanishika mkono, akadai baadaye kwamba mimi ndiye niliyemshika.

Tulipotoka jua lilikuwa kali, tukasukuma baiskeli kwenda Galanos, chemchemi za maji ya moto zilizobeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Harufu ya kiberiti inakupokea kabla hujafika. Watu huoga pale kwa maradhi ya ngozi na viungo. Tulitumbukiza miguu tu. Mama mmoja aliyekuwa akinawa alitutazama, akauliza tumetoka wapi, tukasema Ngamiani, akauliza tena tumetoka wapi *kweli*, maana hakuamini mtu wa Ngamiani atakuja mpaka huku kwa baiskeli bila kuwa na mgonjwa.

Kurudi upepo ulikuwa usoni njia nzima. Sitaandika zaidi ya hapo.

Alhamisi

Manyunyu tangu asubuhi. Miguu inauma. Tumefua, tumelala, tumeamka, tumekula machungwa.

Mama mkwe amekuja jioni na nazi mbili na kifurushi cha mkate wa mofa, akatukuta tumenyoosha miguu mkekani. "Wanangu, mmegombana na nani?" Tulipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema Amboni hajawahi kuingia ndani maishani mwake na haoni sababu ya kuanza. Ila aliponisikia nikiuliza habari za muziki wa zamani aliacha kukuna nazi. Enzi zake Tanga ilikuwa na bendi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyopigiwa magitaa, si ile ya Unguja ya fidla nyingi. Shakila, mwimbaji wa taarabu, alianzia humu. Mama alimwona jukwaani akiwa bado msichana mdogo. Watu walivaa, anasema, walivaa haswa, kanga mpya doti nzima haijaguswa maji. Alisimama akaonyesha jinsi walivyokuwa wakienda kutunza, hatua mbili na bega, noti kidoleni. Mwanawe hakujua pa kutazama.

Ijumaa

Asubuhi mapema soko la samaki la Deep Sea. Msimu wa kusi samaki hawatoki kwa wingi na bei inapanda, ila mnada ni ule ule: fungu linawekwa, dalali anaita, wachuuzi wanaongeza kwa kidole na nyusi, na ukikuna pua kwa bahati mbaya umenunua changu. Kulikuwa na kolekole wawili wakubwa ambao hatukuthubutu kuwauliza bei, pono, tasi, ngisi, na pweza akipigwa chini na kijana mwenye subira ya ajabu. Mtu akileta pweza asiyepigwa nyumbani kwetu hurudishiwa mlangoni.

Nilimuuliza mvuvi mmoja mzee kuhusu silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka kabisa mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari yenye jina lake kwenye pwani hii. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Mbaya kwa kula," akasema. "Mafuta tupu."

Tumenunua changu. Mume wangu amekwenda swala ya Ijumaa, mimi nimebaki jikoni na mama mkwe, ambaye amenifundisha upya samaki wa kupaka kwa kuwa hakuridhika na wangu wa miaka yote hii. Samaki anachomwa kwanza makaani akiwa na chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Tui zito linapikwa pembeni na ukwaju, bizari na pilipili, likorogwe bila kuachwa, likiachwa linakatika. Halafu anarudi makaani, anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena. Mimi nilikuwa nampaka mara moja. "Mara moja ni kumlowanisha," mama akasema. Nimenyamaza, maana tofauti niliiona kwa ulimi.

Jioni mwanamume wangu alinitoa. Hakusema wapi, alisema nivae viatu. Kumbe ni kahawa na kashata barazani kwa rafiki zake, ambako mke haendi. Walinisogezea kigoda, wakakaa kimya kwa adabu mpaka nilipouliza kama kweli Coastal walistahili lile kombe la 1988. Hapo wakanisahau kabisa, tukarudi usiku.

Jumamosi

Tongoni, kwa basi la Pangani, kwa kuwa miguu imekataa. Ni kama kilometa kumi na saba kusini ya mji. Utingo alitushusha njiani akauliza kama tuna uhakika.

Unatembea kuelekea baharini, mibuyu, minazi, kisha unayaona. Msikiti wa mawe ya matumbawe usio na paa, na makaburi zaidi ya arobaini yaliyozungushiwa kuta za chokaa zenye nakshi. Mengi yalikuwa na nguzo ndefu kichwani, na nguzo nyingi zimeshaanguka, zimelala vipande kwenye nyasi. Kwenye baadhi kuna mashimo ya mviringo yaliyopachikwa bakuli za Kichina, bakuli zenyewe zimetolewa siku nyingi. Mji huu ulikuwa mkubwa karne za 14 na 15. Wareno waliuita Mtangata. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya hapa jirani, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wachache waliobaki hai, aliichoma moto hapa hapa kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Mume wangu aliyekuwa "ameshapita" alizunguka kimya. Alipima kuta kwa mkono, akaingia kibla, akagusa chokaa na kunusa kidole. Alitaka kujua mawe yalikatwaje. Mlinzi akamweleza: matumbawe hukatwa yangali laini yametoka majini, yakikauka yanashupaa, na chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Akauliza mikoko ilitumikaje kwenye dari. Akauliza bandari yao ilikuwa wapi. Hilo la bandari ndilo lililompeleka mpaka ukingoni, akasimama anaangalia maji yaliyokupwa na matope ya mikoko, akasema hapa hata jahazi lingetaka rubani mwenyeji. Bahari inaila ile pwani kidogo kidogo. Mlinzi alituonyesha ulipokuwa ukingo enzi za ujana wake.

Kwenye kaburi moja kulikuwa na kitambaa cheupe kipya. Wanawake wanaotafuta mtoto huja kuomba hapa. Nami nilikaa nje ya ukuta ule muda, si kwa kuomba, tuna watoto wetu Lushoto wanaokula viazi. Nilikaa kwa sababu kuna upepo mzuri na kwa sababu karibu yangu mwanamume anayelala basi likifika Pongwe alikuwa bado anauliza maswali, na mlinzi ameshaanza kutazama saa.

Basi la kurudi lilichelewa. Tulikula mihogo ya kuchemsha kando ya njia kwa mama mmoja aliyetuwekea na kachumbari bila kutuuliza. Mume wangu alimsimulia habari za São Rafael kuanzia mwanzo. Mama akasema alijua, baba yake alikuwa mvuvi hapa, mafungu yale yamekamata wengi kuliko Mreno.

Jumapili

Raskazone. Kila mtu wa Tanga mwenye Jumapili na nauli yuko Raskazone. Watoto na maboya ya mpira wa lori, wasichana wa madera wanaogopa kulowanisha nywele, kijana wa juisi ya bungo na ndoo yake ya barafu, bajia za kunde zikitoka kwenye karai moja kwa moja mpaka mkononi.

Ufukwe huu ndiko waliposhukia Waingereza Novemba 1914, askari kama 8,000, wengi wao Wahindi, wakitegemea kuuchukua mji asubuhi wanywe chai mchana. Waliokuwa wakiwangoja hawakuzidi elfu moja hivi, wengi askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano nyuki waliochokozwa mizingani wakawatokea watu, na vita ile mpaka leo inaitwa ya nyuki. Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki na risasi. Kuhusu nyuki hao mimi na mume wangu tuna ubishi wa siku nyingi. Yeye anasema nyuki wa Tanga ni walinzi wa mji. Mimi mtu wa Tabora, kwetu asali si habari ya kusimuliwa, na ninasema nyuki hana mji, walimuuma kila aliyepita karibu, wa upande huu na wa ule. Leo tumeurudia ndani ya maji mpaka shingoni, wimbi likitukatiza.

Hapo ndipo alipopata wazo. Mwakani likizo zikikutana tena tupande treni mpaka Tabora, nimtembeze kwetu kama nilivyomtembeza kwao. Anataka kuona mizinga, anataka kuona embe za mjini zilizopandwa njiani, anataka kuona lile tembe la Livingstone pale Kwihara alilolisikia shuleni.

"Kwihara mbona pa kawaida," nikasema. "Mimi nimeshaenda. Darasa la tano."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Yeye alikuwa ameshapiga mbizi kwa kicheko, akaibuka akikohoa maji ya chumvi, akanyanyua mikono akawatangazia watu wote wa Raskazone, wanaotujua na wasiotujua, kwamba mpagazi amesema ameshaenda, jamani, darasa la tano!

Mama wa bajia akauliza kuna nini. Akaanza kumsimulia, kuanzia Jumatatu.